Spika za Kipande Kimoja, Spika za Vipande, au Kuutengeneza Mlango Kwanza: Ulinganisho kwa Mwenye Gari wa Dodoma

Mwenye gari dogo la Kijapani anayeishi Dodoma na kutaka redio yake isikike vizuri zaidi hupewa dukani ushauri wa aina moja: anunue spika kubwa yenye wati nyingi. Ushauri huo hutolewa kwa urahisi kwa sababu spika ndiyo bidhaa iliyopo rafuni. Lakini anayefungua mlango wa gari kwa mikono yake mwenyewe hugundua kwamba njia zilizo mbele yake ni tatu. Ya kwanza ni kuweka spika za kipande kimoja, ambazo kwenye maboksi huitwa koaksia, zenye twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, iliyopachikwa katikati ya koni inayosukuma hewa. Ya pili ni kuweka spika za vipande, yaani komponenti, ambazo spika ya mlangoni na twita yake huja mbalimbali pamoja na kichujio kinachozigawia sauti. Ya tatu, ambayo wauzaji hawaitaji kwa kuwa haiuzwi ndani ya boksi, ni kuziacha spika zilizopo na kuutengeneza mlango wenyewe: kuziba matundu yake, kulituliza bati lake, na kuibana spika isitikisike. Nimezijaribu zote tatu kwenye magari tofauti hapa mjini, na nitazilinganisha kwa mambo yanayomgusa mtu wa huku, ambayo ni vumbi, jua, mvua ya miezi michache, safari ndefu, na redio iliyokuja na gari kutoka Japani.

Nianze na redio hiyo, kwa sababu watu wengi hulipia spika ilhali tatizo haliko kwenye spika. Redio za magari ya Japani zilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hadi 95, wakati vituo vyetu hurusha kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana magari mengi yaliyoagizwa hufungwa kifaa cha kuyashusha masafa, na kifaa hicho mara nyingi huongeza mkwaruzo. Spika mpya haiwezi kuuondoa mkwaruzo huo. Itauonyesha wazi zaidi. Cheza wimbo mmoja kutoka kwenye flashi au simu, kisha rudi kwenye kituo cha redio. Kama flashi inatoa sauti safi na redio inakwaruza, fedha yako iende kwenye redio mpya. Kama zote mbili zinatoa sauti iliyofifia, inayotetemeka, au inayochanika unapopandisha, hapo ndipo spika na mlango vinapoingia kwenye mazungumzo.

Jambo la pili ni nguvu. Redio nyingi za kawaida huandikwa usoni wati 50 mara 4, lakini namba hiyo ni ya kilele. Kwa umeme wa gari wa volti 14 na kidogo, na spika za ohmu 4, redio isiyo na amplifaya ya nje hutoa kwa usafi takriban wati 18 hadi 20 kwa kila spika. Kwa hiyo maandishi ya wati 300 au 500 kwenye boksi la spika hayakuambii chochote kuhusu ukubwa wa sauti utakayoipata. Namba unayopaswa kuitafuta ni usikivu wa spika, unaoandikwa kwa desibeli, maana ndiyo inayoeleza sauti inayotoka kwa wati 1 ukisikiliza kutoka umbali wa mita 1. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Wati 18 zinazoingia kwenye spika ya desibeli 92 hutoa sauti ambayo spika ya desibeli 87 ingehitaji karibu wati 57 ili kuifikia. Wati hizo 57 redio yako haina, na hata ukipandisha sauti hadi mwisho utaambulia mchaniko tu. Nasisitiza hesabu hii kwa sababu ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya ulinganisho unaofuata.

Kipande kimoja au vipande

Spika ya kipande kimoja ina faida ambazo anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza atazithamini. Inaingia pale ilipotoka ya zamani, inatumia waya mbili zilezile, na haihitaji kutoboa kitu chochote cha gari. Kichujio chake huwa ni kapasita ndogo iliyounganishwa na twita, inayozuia mdundo mzito usiiunguze. Aina nyingi za bei ya kati zina usikivu wa desibeli 90 na zaidi, yaani zinaendana na redio isiyo na amplifaya. Kasoro yake iko mahali inapokaa. Spika ya mlango wa mbele huwa chini, karibu na ugoko wa dereva, na sauti nyembamba husafiri kwa kunyooka kama mwanga wa tochi. Twita iliyo katikati ya spika hiyo inaielekeza sauti yake kwenye suruali na kiti, na sehemu kubwa inamezwa hapo kabla ya kufika sikioni. Mwimbaji anasikika kana kwamba ameketi sakafuni.

Spika za vipande ndizo zinazoitibu kasoro hiyo. Twita inapowekwa juu, kwenye pembe ya kioo cha pembeni, sauti ya mwimbaji hupanda hadi usawa wa dashibodi, na ala zinaanza kutengana. Mtu anayesikiliza kwaya atazitambua sauti nne kila moja mahali pake. Mimi hupima kwa muziki wa Wagogo, kwa kuwa ndani yake zimo sauti zote ninazozitafuta: ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama huupima mdundo wa mlangoni, na ilimba, yenye vyuma vyake vinavyovuma na kulia kwa pamoja, huipima twita bila huruma. Kwenye spika nzuri za vipande mvumo wa ilimba unasikika kando ya noti yenyewe. Kwenye spika za kipande kimoja mambo hayo mawili huelekea kuchanganyika.

Hata hivyo, uzuri huo una masharti. Kichujio chake ni kiboksi chenye koili na kapasita kinachohitaji mahali pakavu pa kukaa, na waya za ziada lazima zipite hadi kwenye twita. Seti nyingi za vipande zimetengenezwa kwa kutarajia amplifaya, hivyo usikivu wake huwa mdogo, na mtu aliyezifunga kwenye redio tupu hulalamika kwamba spika za gharama zaidi zinatoa sauti ndogo kuliko zile alizozitoa. Kufunga amplifaya nako ni kazi nyingine kabisa, kwa kuwa waya wake mnene lazima utoke moja kwa moja kwenye betri ukiwa na fyuzi karibu kabisa na betri hiyo. Anayeikwepa fyuzi hiyo anaweka hatari ya moto ndani ya gari.

Kuna pia suala la jua. Gari lililoegeshwa mchana kutwa kwenye eneo lisilo na mti, pale Mtumba au nje ya soko la Majengo, hupata joto kali nyuma ya kioo cha mbele. Twita iliyobandikwa juu ya dashibodi kwa gundi ya pande mbili haidumu. Nimeokota ya kwangu chini ya kiti mara mbili kabla sijaihamishia kwenye pembe ya kioo cha pembeni na kuikaza kwa skrubu. Kama gari lako lilikuja na nafasi ya twita kiwandani, angalia kama ni pembe hiyo au ni dashibodini, kwa sababu jibu hilo peke yake linaweza kukuchagulia. Wala usiweke twita kwenye nguzo ya kioo cha mbele yenye maandishi ya mfuko wa hewa, kwa kuwa mfuko ukifumuka huirusha kuelekea usoni.

Kwa safari zenyewe, tofauti kati ya aina hizi mbili hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka. Ukiwa umeegesha Area C usiku, spika za vipande zinashinda waziwazi. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa baada ya kuipita Kibaigwa, matairi na upepo hufunika sehemu kubwa ya ule uzuri mdogomdogo uliolipia, na kinachobaki na thamani ni sauti ya kutosha isiyochanika. Mtu anayekwenda Morogoro au Singida kila wiki ana haki ya kuchagua tofauti na anayezunguka kati ya Kisasa na Chang'ombe.

Mlango wenyewe

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, maana ndipo fedha kidogo huleta badiliko kubwa. Koni ya spika hutoa sauti pande zote mbili. Inaposukuma hewa mbele, inaivuta nyuma, na sauti hizo mbili zikikutana huuana. Mdundo wa hezi 80 una wimbi lenye urefu wa mita 4.3, hivyo unazunguka ukingo wa spika na kupenya kila tundu bila shida yoyote. Mlango wa Vitz au IST ukivuliwa kava lake una matundu makubwa ambayo kiwanda kiliyaacha ili mafundi waifikie mashine ya kioo, na kilichoyafunika ni nailoni nyembamba tu. Kwa maneno mengine, spika imewekwa kwenye boksi lisilo na ukuta wa mbele. Spika mpya ya bei yoyote utakayoifunga hapo itapoteza mdundo wake kwa njia ileile iliyopoteza ya zamani.

Dawa ni kuyaziba matundu makubwa kwa shuka nzito zenye gundi upande mmoja na alumini upande mwingine, na kubandika kipande kimoja kwenye bati la nje, nyuma ya spika. Kulituliza bati hakuhitaji kulifunika lote. Robo ya eneo lake inatosha. Shuka hizo ziko za aina mbili, zenye lami na zenye gundi ya mpira wa butili. Za lami ni nafuu, lakini kwa jua la huku hulainika, hunuka ndani ya gari, na baadaye hudondoka ndani ya mlango. Kati ya kununua shuka chache za butili na nyingi za lami, chukua chache za butili. Lakini aina yoyote haitashika juu ya vumbi, na ndani ya milango ya magari ya Dodoma kuna vumbi la kutosha kuandikia jina. Futa bati kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, uache likauke, ndipo ubandike kwa kukandamiza.

Kuna tahadhari moja isiyo na mjadala. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku inyeshapo, yakipita kando ya kioo, na hutokea kwenye vitundu vidogo vilivyo ukingoni chini. Mvua zetu huanza kwa kawaida Desemba na kwisha Aprili, na miezi iliyobaki vumbi linajikusanya humo, kiasi kwamba mvua ya kwanza hulifanya tope. Usivizibe vitundu hivyo. Vizibue kwa waya laini wakati mlango uko wazi. Nailoni nayo, kama hukuibadilisha kwa shuka, irudishe mahali pake bila kuichana, kwa sababu ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye kava na kwenye zulia.

Maji hayohayo yanatusaidia kuchagua koni. Koni ya karatasi ni nyepesi na sauti yake ya kati ni tamu, lakini karatasi isiyopakwa dawa hulegea na sponji ya ukingoni mwake hupukutika kwa umri. Koni ya plastiki yenye ukingo wa mpira huvumilia zaidi, na kwa mlango wa gari la mtumba ambalo mpira wa kioo chake umechoka, ningeichagua hiyo hata kama inapungua utamu kidogo. Ringi ya kuikalishia spika nayo ina chaguo: ya plastiki haiogopi maji lakini ikiwa nyembamba hutetemeka, na ya mbao za kubanwa hutulia vizuri zaidi lakini hunyonya maji na kuvimba isipopakwa rangi ya mafuta pande zote, pamoja na ndani ya matundu ya skrubu.

Je, kuutengeneza mlango peke yake kunatosha? Kwa gari ambalo spika zake za kiwandani hazijachanika, nimeshangazwa mara zaidi ya moja. Mdundo unarudi, mtetemo wa kava unatoweka, na hata sauti ya barabara inapungua. Kinachokosekana ni ung'avu wa sauti nyembamba, ambao hakuna shuka inayoweza kuuleta. Kama spika imechanika au koili yake inakwaruza unapoisukuma koni polepole kwa vidole, hiyo haina budi kutolewa.

Mikononi mwako au kwa fundi

Kazi yenyewe haihitaji zaidi ya bisibisi, kipande cha plastiki cha kubandulia kava, drili, na mchana mmoja. Skrubu za kava huwa zimefichwa nyuma ya kifuniko kidogo cha mkono wa kufungulia na ndani ya mshikio. Baada ya hapo ni klipu ukingoni kote, ambazo hukatika ukivuta kwa hasira, hivyo nunua chache za akiba kabla ya kuanza. Magari mengi ya Toyota yana spika zilizofungwa kwa ribiti na si kwa skrubu. Toboa kichwa cha ribiti kwa drili polepole, na uweke kitambaa chenye unyevu chini ili kinase vumbi la chuma, kwa sababu likiingia kwenye sumaku ya spika mpya utalisikia likikwaruza maisha yake yote.

Usinunue spika kwa kukisia. Pima kipenyo cha tundu, na upime kina kioo kikiwa kimeteremshwa hadi chini kabisa, kwa sababu sumaku nene ikigusana na kioo, kinachovunjika ni kioo. Spika nyingi za milango ya mbele ni za inchi 6.5, lakini ziko gari zenye spika za umbo la yai za inchi 6 kwa 9, nazo zitahitaji ringi ya kubadilishia. Hakikisha pia ohmu ni 4. Za ohmu 2 zitaipa redio ya kawaida mzigo unaoichemsha.

Kuhusu betri, ushauri wa kawaida ni kuitoa nyaya kwanza, na ni mzuri, isipokuwa kwa wenye redio za ramani zilizokuja na gari kutoka Japani. Baadhi ya redio hizo zikikatiwa umeme hujifunga na kudai kadi ya ramani au namba ya siri ambayo hakuna aliyenayo. Mwenye redio ya namna hiyo azime gari, achomoe ufunguo, asiuwashe tena mpaka plagi zote za mlango zimerudi. Baadhi ya magari mapya yana kihisi cha shinikizo mlangoni kinachohudumia mfuko wa hewa wa pembeni, na kwa hayo ningesema wazi kwamba kazi iende kwa fundi anayelijua gari hilo, bila kuona haya.

Fundi ana faida ya wepesi, lakini kazi yake hupimwa kwa dakika, na dakika hizo haziwezi kujumuisha kufuta vumbi na kuziba matundu. Gari langu la kwanza lilirudi kutoka kwa fundi likiwa na spika mpya na mdundo mdogo kuliko zamani, na miezi ilipita kabla sijafungua mlango na kukuta waya za upande mmoja zimegeuzwa, chanya mahali pa hasi, zikiwa zimesokotwa na kufungwa tepu ambayo joto lilikuwa limeiyeyusha gundi. Spika moja ilikuwa ikisukuma wakati mwenzake anavuta. Tangu hapo nalehemu maungio au natumia plagi za kubana, na kila spika naipima kwa betri ya volti 1.5 kabla ya kuifunga: chanya ikigusa kikonyo kipana, koni lazima itoke nje.

Uamuzi kwa hali mbalimbali

Mwenye redio ya kawaida, asiyetaka amplifaya, na anayesafiri sana, achukue spika za kipande kimoja zenye usikivu wa desibeli 90 au zaidi, koni ya plastiki, na katika kila shilingi 10,000 za bajeti yake aziweke 4,000 kwenye shuka za mlango, ringi na klipu. Huyo ndiye mtu wa kawaida, na kwa gari la namna hiyo hilo ndilo chaguo langu hata kama fedha ingekuwapo ya kununua kubwa zaidi. Mwenye amplifaya tayari, au mwenye nia ya kweli ya kuifunga, na ambaye gari lake lina nafasi ya twita kwenye pembe ya kioo, hana sababu ya kuziacha spika za vipande. Mwenye fedha kidogo na spika zisizochanika aanze na mlango tu, milango ya mbele peke yake, na asiguse ya nyuma; abiria wa nyuma wanasikia vya kutosha, na dereva haongezewi kitu.

Kwa yeyote kati yao, kava likisharudi, pitisha wimbo wenye ngoma nzito kwa sauti ya wastani, ukisogeza balansi kushoto na kulia, na uweke kiganja juu ya kava. Panapotetemeka pana klipu iliyokosa tundu lake au waya unaogonga bati. Kisha endesha wiki mbili, ikiwezekana kwenye njia ya vumbi yenye makorongo, fungua mlango mmoja tena, na ukaze skrubu za spika nusu mzunguko.